Mmetufundisha Kiarabu cha Mimbari, Jikoni Tumekwama

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu wiki yake ya pili Muscat. Alikuwa amejifungia chooni, ananong'ona. "Dada, huyu bibi ananambia niweke sawa maisha. Maisha gani?"

Bibi mwenye nyumba alikuwa amemwambia maneno mawili tu: sawwi aish. Mdogo wangu si mjinga. Alihitimu msahafu akiwa na miaka kumi na moja, akasoma Kiarabu skuli miaka tisa, na kwenye cheti chake somo hilo ndilo lililompandisha. Basi akili yake ikafanya kazi kama ilivyofunzwa. Sawwi inatokana na sawwa, kusawazisha. Ndiyo "sawa" yetu hii hii. Aish ni kuishi. Ndiyo "ishi" yetu na "maisha" yetu. Sawazisha maisha. Akasimama na ufagio mkononi, akidhani anapewa mawaidha. Bibi akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Aliyemwokoa ni dereva wa nyumba ile, Mbangladeshi ambaye hajawahi kukaa darasani hata siku moja kusoma nahau. Alimwonyesha gunia la mchele kwa kidole.

Kumbe Ghuba sawwi ni "tengeneza, fanya", na aish ni wali. Alikuwa anaambiwa apike wali.

Nilicheka. Halafu nikaona haya, kwa sababu mimi mwenyewe neno hilo hilo lilishanipiga kofi miaka kadhaa nyuma, Cairo. Nilikuwa nimekwenda kusoma lugha kwa miezi tisa, shahada ya chuo kikuu mkononi, najiona. Asubuhi ya pili nikatoka kwenda kwenye tanuri la mkate lililokuwa chini ya jengo letu. Nikasimama wima nikasema, na irabu zote za mwisho mahali pake: uridu khubzan, min fadhlik. Mwokaji akanitazama, akamgeukia mwenzake, wakacheka bila ubaya wowote, kama unavyomcheka mtoto aliyevaa kanzu ya baba yake. Kisha akaniuliza, "Aiza aish?" Nikasikia: unataka maisha? Nikanyamaza. Cairo aish ni mkate.

Neno moja. Cairo mkate, Muscat wali, na kwenye kitabu tulichosomeshwa si chakula kabisa. Ndugu wawili, miji miwili, wote tumefaulu mtihani, wote tumeshindwa kuomba chakula. Hapo ndipo kicheko kikageuka hasira, na hasira ndiyo iliyonikalisha kuandika haya. Simlaumu mwanafunzi, na silaumu Kiarabu. Nalaumu somo moja mahsusi, lile linaloandikwa kwenye ratiba "muhadatha", mazungumzo, ambalo ndani yake hakuna mazungumzo.

Hebu tuseme mambo kwa majina yake. Kiarabu kina sura mbili kubwa zinazoishi pamoja. Ipo fus-ha, Kiarabu fasaha, cha msahafu, cha vitabu, cha hotuba, cha taarifa ya habari, cha barua ya serikali. Na ipo ammiya, au darija kama wanavyoiita Morocco: Kiarabu ambacho mama anambembelezea mtoto, ambacho watu wanapatania bei, wanagombana, wanaposa. Mwaka 1959 mwanaisimu Mmarekani Charles Ferguson aliandika makala ambayo mpaka leo kila anayesoma mambo haya lazima apite mlangoni pake. Alichukua Kiarabu, Kigiriki, Kijerumani cha Uswisi na Krioli ya Haiti, akaonyesha hali moja: jamii inakuwa na lugha ya juu na lugha ya chini, kila moja ina kazi zake, na hazibadilishani. Mtu akitumia ya juu mahali pa ile ya chini anachekesha. Akitumia ya chini mahali pa juu anatia aibu. La kuzingatia zaidi ni hili: ile ya juu hakuna anayeinyonya na maziwa. Zipo nchi 22 kwenye Jumuiya ya Nchi za Kiarabu na wasemaji zaidi ya milioni 400, na hakuna mtaa ndani yake ambapo watoto wanacheza mpira wakigombana kwa fus-ha. Wote wanakwenda kuisomea, kama mimi na wewe.

Sasa linganisha na darasa. Pale Cairo mwalimu wetu wa muhadatha alikuwa bwana mwema, mtaratibu, mwenye subira ya ajabu. Somo la siku lilikuwa "Sokoni". Tulikariri majibizano: mnunuzi anamwomba muuza mboga, kwa fus-ha iliyonyooka kama rula, ampimie nyanya, na muuza mboga anajibu kwa fus-ha vilevile, anataja bei kwa kanuni za hesabu za Kiarabu ambazo hata Waarabu wenyewe huzikosea. Katikati ya somo simu ya mwalimu ikalia. Akasogea mlangoni. Alikuwa mkewe, na kwa bahati nzuri alikuwa anamwagiza nyanya. Yule mwalimu akazungumza dakika nzima, haraka, kwa raha, na hakutamka hata sentensi moja ya zile alizotoka kutufundisha. Akakata simu, akarudi mezani, akatuambia kwa fus-ha: tuendelee.

Mimi hiyo dakika moja ya mlangoni ndiyo niliyokuwa nimeilipia nauli.

Najua wapo watakaosema: lakini walau ulijifunza Kiarabu sahihi. Hoja hii ndiyo mama wa zote, basi nianze nayo. Eti fus-ha ndiyo Kiarabu, na kinachosemwa mtaani ni Kiarabu kilichovunjika, na mwalimu anayekifundisha anafundisha makosa. Walimu wetu wa pwani wanaisema hoja hii kwa heshima ya dini, kwa hiyo wengi tunaogopa kuigusa. Lakini ukiwauliza wazee wa lugha hiyo hiyo, hawako upande wao kama wanavyodhani.

Al-Jahiz wa Basra, karne ya 9, mmoja wa waandishi wakubwa kabisa wa nathari ya Kiarabu, alionya kwamba ukisimulia kichekesho cha watu wa kawaida usikitie irabu za mwisho wala kukipambia maneno ya kifahari, kwani ukifanya hivyo unakiua: kinapoteza ladha na maana iliyowafanya watu wakitake. Huyo ndiye bingwa wa ufasaha anayesema. Ufasaha kwake ulikuwa neno kukaa mahali pake, na mahali pengine ni barazani. Ibn Khaldun naye, kwenye Muqaddima yake ya mwaka 1377, alitenga sura kueleza kwamba umahiri wa kusema lugha ni jambo jingine na elimu ya kanuni zake ni jambo jingine. Akapiga mfano wa mtu anayeweza kukueleza ushonaji mwanzo mpaka mwisho, uzi unapitaje tunduni na sindano inarudije, lakini ukimpa kitambaa hashoni. Darasa letu la muhadatha ni hilo hilo: mafundi cherehani wa maneno ambao hawajawahi kushona kanzu. Na Ibn Khaldun huyo huyo aliwakosoa wananahau waliodai kwamba ufasaha umekufa kwa sababu tu watu wa zama zake waliacha irabu za mwisho. Alinakili mashairi ya mabedui wa wakati wake, yaliyotungwa kwa lugha yao, akayatetea.

Wala tusisahau tunachokisoma kila siku bila kukifikiri. Sote tuliokaa kwenye mkeka wa chuoni tumesikia hadithi ya herufi saba, na tunajua kuwa visomo vya Kurani vipo zaidi ya kimoja. Kisomo cha Warsh, ambacho ndicho cha watu wa Morocco na Algeria, hulainisha hamza katika maneno mengi ambayo sisi wa Hafs tunaibana kooni. Wanazuoni wanatwambia wasaa huo ulitolewa kwa kuwa ndimi za makabila ya Waarabu hazikuwa moja. Sasa ikiwa katika Kitabu chenyewe ndimi ziliachiwa nafasi, nani aliyetoa fatwa kwamba kwenye kununua nyanya pasiwe na nafasi?

Hoja ya pili ni ya kiutendaji, na hii naiheshimu zaidi: haya, tufundishe lahaja, lakini lahaja ipi? Maana Kiarabu cha mtaani si kimoja. Neno "sasa" tu linatosha kukuchanganya. Kitabuni ni al-aana. Cairo watakwambia dilwa'ti, Damascus halla', Ghuba al-hin, Casablanca daba. Kuna mtego mbaya zaidi, maneno yanayofanana kabisa yenye maana zinazopigana. Ukiwa Cairo ukasema mashi umekubali: sawa, haya, twende. Nenda na mashi yako hiyo mpaka Hadhramaut, kule mashi ni "hakuna". Mtu anakuuliza kama ipo chai, wewe unaitikia kwa furaha, yeye anaondoka na birika lake.

Ni kweli. Lakini tazama hoja hii inavyotumika. Kwa kuwa njia ni nyingi, basi tusimwonyeshe msafiri hata moja, tumpe njia ambayo haipiti kwa mtu yeyote. Hakuna anayefundisha kitu kingine namna hii. Anayetaka kuvua hafundishwi bahari zote, anafundishwa bahari ya kwao, na akihamia nyingine anakuwa na la kuanzia. Anayejua lahaja moja vizuri ameshajua lahaja zinavyofanya kazi: irabu za mwisho zinavyodondoka, kukanusha kunavyobadilika, maneno ya kuuliza yanavyohama. Kusema "sikwenda", kitabuni unahitaji lam na kitenzi kilichokatwa mkia, lam adhhab. Cairo ni ma ruhtish, na ukishaielewa hiyo, za wengine hazikutishi. Waarabu wenyewe wanaishi hivyo. Zamani tamthilia za Mexico zilitafsiriwa kwa fus-ha, na wapenzi wa Acapulco wakawa wananong'onezana kama makadhi. Mwaka 2008 MBC ikaonyesha tamthilia ya Kituruki iliyoipa jina Noor, safari hii ikatiwa sauti kwa lahaja ya Syria. Nchi zikasimama. Msaudi na Mmorocco waliifuata kwa machozi ingawa si lahaja yao, kwa sababu walau ilikuwa lahaja ya mtu fulani.

Kwa kuwa niko kwa wapenzi wa fasihi, ngoja nigeukie kwetu, maana waandishi wa Kiarabu walikumbana na jambo hili kabla ya walimu, na walipigana nalo kwa uaminifu zaidi. Muhammad Husayn Haykal alipotoa Zaynab karne iliyopita ilipoanza, alificha jina lake akajiita "Mkulima wa Misri", na humo wanakijiji waliongea lahaja ya kijiji. Naguib Mahfouz, aliyepata Nobel mwaka 1988, alishika njia ya kinyume maisha yake yote: watu wake wa vichochoroni Cairo, wauza kahawa na vinyozi, wote wanazungumza fus-ha ukurasani. Yusuf Idris aliwaachia watu wake ndimi zao, na Taha Hussein, aliyemwandikia dibaji, akamsihi airudie fus-ha. Tawfiq al-Hakim akajaribu kupatanisha: mwaka 1956 katika tamthilia yake al-Safqa alitafuta "lugha ya tatu", maneno ambayo msomaji anayaona fus-ha na mwigizaji anayatamka kama lahaja.

Nakubali kwamba Mahfouz ni mkubwa. Lakini nilipokuwa Cairo nilijifunza jambo kuhusu kumsoma. Msomaji wa Kimisri akifika kwenye fus-ha ya yule muuza kahawa, masikio yake yanamrudishia sauti ya kweli chini kwa chini. Anajua mtu huyu angesemaje. Sisi tuliofundishwa fus-ha peke yake hatuna sauti hiyo ya chini. Tunamsikia kinyozi anaongea kama mhariri. Tunadhani tumesoma riwaya, kumbe tumesoma nusu yake. Hata kuisoma fus-ha ya fasihi kunataka sikio la lahaja. Wale wanaotwambia tusihangaike na lugha ya mtaani kwa sababu sisi ni watu wa vitabu, wanatupunguzia vitabu vyenyewe.

Hoja ya tatu sitaipita haraka, maana ndiyo yenye kidonda. Wito wa kutukuza ammiya una historia chafu. Mwaka 1893, Misri ikiwa chini ya Waingereza, mhandisi wa umwagiliaji aitwaye William Willcocks alihutubia Cairo akidai kwamba Wamisri hawagundui wala hawavumbui kwa sababu wanaandika kwa fus-ha. Mwaka 1901 Seldon Willmore, hakimu Mwingereza, alitoa kitabu kuhusu Kiarabu cha Misri akipendekeza kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Waarabu waliona mbali: ukiwakatia fus-ha umewakatia msahafu, mashairi ya kale, na kamba inayomfunga Mwiraki na Mtunisia. Mwaka 1903 mshairi Hafiz Ibrahim akatunga shairi mashuhuri ambamo lugha yenyewe inasimama kujitetea. Ningekuwepo ningempigia makofi.

Sisi Waswahili twayajua hayo. Kiswahili chetu nacho kilikalishwa kwenye meza za wakoloni. Mwaka 1930 kamati ikaundwa kukisanifisha, Kiunguja kikachukuliwa kuwa msingi, na mpaka leo mtu wa Mombasa au Lamu anaweza kukueleza kwa uchungu Kimvita na Kiamu vilivyosukumwa pembeni. Kwa hiyo ninapotetea lahaja sisahau kwamba mkono wa mtawala unaweza kuitumia lahaja kuvunja na kuutumia usanifu kuvunja vilevile. Lakini Willcocks alitaka ammiya ichukue kiti cha fus-ha. Mimi siombi kiti cha mtu. Naomba kila mmoja akae kwenye chake. Fus-ha ibaki kwenye kusoma, kuandika, hotuba, habari na ibada. Na pale ratiba inapoandika "mazungumzo", yawe mazungumzo.

Isitoshe, Waarabu hawaishi katika chumba kimoja kati ya hivyo viwili. Wanapanda na kushuka ngazi. Mwaka 1973 mwanaisimu wa Misri El-Said Badawi alizipanga daraja tano za Kiarabu cha nchini kwake, kuanzia fus-ha ya urithi kule juu mpaka ammiya ya wasiosoma, na katikati kuna lugha ya wasomi wanapozungumza mambo mazito bila kusoma karatasi. Gamal Abdel Nasser alikuwa fundi wa ngazi hizo. Julai 26, 1956, Alexandria, siku aliyotangaza kuutaifisha Mfereji wa Suez, hakukaa kwenye fus-ha ya mimbari. Aliteremka kwenye lahaja, akapiga utani, umati ukawa wake, kisha sheria yenyewe akaisoma kwa lugha ya sheria. Huo ndio ufasaha wa kusema: kujua uko ngazi gani na lini uhame. Mwanafunzi wetu amepewa ngazi moja ya juu kabisa, hana pa kukanyaga kuifikia wala kuteremkia.

Basi mwenye kukosoa atwambie dawa. Dawa si ya kubuni. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1990 Munther Younes alianza kufundisha fus-ha na lahaja pamoja tangu siku ya kwanza: unasoma na kuandika kwa hii, unasikiliza na kusema kwa ile, kama mtoto wa Kiarabu mwenyewe anavyokua. Al-Kitaab, kitabu kinachotumika sana vyuo vya Marekani, kilianza mwaka 1995, na matoleo yake ya baadaye yakaweka maneno ya Misri na ya Sham bega kwa bega na ya fus-ha. Hawakufa. Nahau yao haikuoza. Na wao wako mbali. Sisi pwani yetu imejaa watu waliorudi Muscat na Dubai, wazee wa koo za Kihadhrami, mashekhe waliokaa Azhar miaka saba. Walimu tunao, ila hatuwaiti walimu kwa kuwa Kiarabu chao hakina irabu mwisho.

Ningepewa ratiba, ningefanya mambo machache. Somo la kusoma kwa sauti liitwe kusoma kwa sauti, lisijipachike jina la mazungumzo. Mwanafunzi achaguliwe lahaja moja kulingana na anakokwenda, na aambiwe waziwazi ni ya wapi: wa Azhar apewe ya Cairo, wa Ghuba apewe ya Ghuba. Asikilize kabla ya kusema, miezi ya kwanza masikio yafanye kazi kuliko mdomo. Na mtihani wa kusema usiwe kukariri risala juu ya faida za kusafiri. Mpe hali. Gesi imekwisha. Umeumwa usiku. Basi limekupita. Aseme.

Kwa binti anayekwenda kufanya kazi nyumba ya mtu, mpe hali nzito zaidi. Mshahara wa miezi miwili haujaja. Pasipoti yako imefungiwa kabatini. Mtoto wa nyumba anakuingilia chumbani. Aweze kusema sitaki, kwa neno linaloeleweka mlango wa pili, jirani alisikie. Ma abgha. Ni maneno mawili tu. Katika miaka tisa ya Kiarabu, mdogo wangu hakuwahi kufundishwa namna ya kusema "sitaki" ambayo mtu wa Muscat angeisema. Alikuwa nayo la uridu, maridadi, na alipoitumia watoto wa nyumba ile waliiigiza kwa wiki nzima huku wakicheka. Neno la kukataa likigeuka kichekesho, mwenye nalo hana silaha. Ndiyo maana naona si ubishi wa walimu tu huu. Upo watu wanaolipa gharama yake, na mara nyingi si wale wanaoandika mitaala.

Namjua atakayenijibu kwamba hao wafanyakazi watajifunza huko huko, wakifika. Ndivyo. Wanajifunza. Wanajifunza Kiarabu cha vibarua, kile kilichokatwa viungo, cha mafi na malum, ambacho bosi naye humsemea mfanyakazi kama anavyomsemea mtoto, na ambacho ukishakizoea kila mtu anajua daraja lako kabla hujamaliza sentensi. Mdogo wangu aliyeweza kufasiri sura nzima alikaa miezi sita akiongea kama asiyejua kitu. Kwa nani ni heshima, hiyo? Kwa Kurani? Kwa lugha? Walimu waliokataa kumfundisha lahaja eti wasimshushe ndio waliomfikisha chini kuliko lahaja yoyote.

Alirudi baada ya miaka miwili. Kiarabu chake sasa ni cha Muscat hasa, na anakisema kwa maringo ambayo fus-ha haikuwahi kumpa. Nikimsemesha Kicairo changu ananiiga, tunacheka. Mwaka uliopita mwalimu wake wa zamani wa chuoni, mzee ninayempenda na kumheshimu, alimwomba awasaidie mabinti watatu wa mtaa wanaojiandaa kusafiri. Mdogo wangu akauliza: nije saa ngapi darasani? Mzee akashika ndevu. Akamwambia darasani hapana, darasani ni Kiarabu. Wakae barazani, baada ya alasiri.

Basi wanakaa barazani, juu ya mkeka. Ndani, watoto wanakariri majibizano ya sokoni. Nje, mdogo wangu anawaambia wale mabinti: sawwi aish, na wao wanamjibu ni vikombe vingapi vya mchele. Ukuta unaowatenganisha una dirisha, na wale watoto wa ndani, nimewaona kwa macho yangu, wanasikiliza huku.